Gari kuukuu, mbio mpya

Wadau, ubishi wa kijiweni hapa Kimbiji: gari kuukuu likitakiwa kukimbia, fundi aanzie wapi? Wengi wanataja injini. Kwa mashindano ya drag, yaani mita 402 za lami iliyonyooka, dawa ya kwanza huwa ni uzito. Ng'oa viti vya nyuma, toa bampa, tafuta tairi zinazong'ang'ania lami, kisha badilisha meno ya difu ili gari lichomoke.

Lakini historia ya huku kwetu ilikwenda kinyume. Safari Rally ilianza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mafundi wake walikuwa wakiongeza uzito! Bamba la chuma kukinga injini kwa chini, springi ngumu, tairi za akiba. Gari jepesi lililovunjika korongoni lina spidi gani? Mwaka 1963 yalimaliza magari 7 tu. Mwaka 1968, tena 7.

Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alilijua hilo kwa mikono yake, maana alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva maarufu. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 iliyokwishatumika, gari la umbo la miaka ya 1940. Akashinda tena 1974 na 1976, safari hizo kwa Mitsubishi Colt Lancer.

Kwa hiyo mwenye vijisenti vyake, mimi nasema aanze na breki na springi, injini baadaye. Hiyo Volvo yenyewe, kiwanda kiliacha kuiunda mwaka huohuo wa 1965.