Kufunga na Kurudisha: Njia Mbili za Hisabati Zilizokutana Halifax

Hebu tuanze na orodha ya waalikwa wa harusi. Umeandika majina kumi, halafu mama anaweka sharti: ukimwalika mtu, waalike na ndugu zake wote wa tumbo moja. Unaongeza majina mpaka hakuna wa kuongeza. Sasa angalia mambo matatu. Hakuna aliyetolewa. Ungeanza na majina mengi zaidi, orodha ya mwisho isingepungua. Na ukirudia zoezi zima, hupati jina jipya hata moja. Wanahisabati huita kitendo cha namna hii kufunga.

Mwaka 1922 Kazimierz Kuratowski wa Warsaw, Poland, alichapisha makala iliyoonyesha kwamba kufunga kunatosha kujenga topolojia, somo la maumbo na ukaribu. Huhitaji kupima umbali. Ukijua kila seti inafungwaje, kwa kanuni nne tu, umejua nukta ipi inagusa seti ipi. Humo humo kuna jambo linalowashangaza wanafunzi mpaka leo: chukua seti yoyote, ifunge, chukua vyote vilivyo nje yake, funga tena, endelea hivyo utakavyo. Hutapata zaidi ya seti 14 tofauti.

Njia ya pili unaijua tangu shule ya msingi. Kwenye namba kamili, kuzidisha kwa 2 hakuna njia ya kurudi kila mara, maana 3 haina nusu. Basi tunalazimisha: tunaunda sehemu, na gharama yake ni kukubali kwamba 1/2, 2/4 na 4/8 ni kitu kimoja. Hiyo ndiyo lokalizesheni.

Mwaka 1945 Samuel Eilenberg, aliyesoma Warsaw kabla ya kuhamia Marekani, na Saunders Mac Lane walitoa makala iliyoanzisha nadharia ya kategoria, ambamo vitu huelezwa kwa mishale inayoviunganisha. Swali likapanuka: je, mishale nayo inaweza kulazimishwa iwe na njia ya kurudi? Ufaransa, Pierre Gabriel alilishughulikia kwenye tasnifu iliyochapishwa 1962, na mwaka 1967 yeye na Michel Zisman wakatoa kitabu kuhusu hesabu hiyo ya sehemu za mishale. Wakati huohuo Alexander Grothendieck na wenzake walikuwa wakijenga toposi: kategoria zinazofanya kazi kama ulimwengu wa seti, ila kila moja ina mantiki yake.

Njia hizo mbili zilikutana Halifax, Kanada, mwaka wa masomo 1969–70. William Lawvere na Myles Tierney waligundua kwamba ndani ya toposi, ukichagua namna ya kufunga vipande vya vitu, umeshachagua lokalizesheni. Ni hivi: kipande kikifungwa kikajaza kitu kizima, mshale unaokiingiza ndani ya kitu hicho unapewa njia ya kurudi. Lakini si kufunga kwa Kuratowski hasa. Yeye alidai kufunga kulinde muungano wa seti. Wao walidai kulinde sehemu ya pamoja.

Faida yake ni nini? Cantor aliuliza kama kuna ukubwa wowote kati ya ule wa namba za kuhesabia na ule wa namba halisi. Kurt Gödel alishaonyesha kwamba kanuni za kawaida za seti haziwezi kuthibitisha kwamba upo. Mwaka 1963 Paul Cohen akaonyesha kwamba haziwezi kuthibitisha kwamba haupo. Katika makala ya 1972 Tierney alilipata tokeo la Cohen kwa kufunga kwa kukanusha mara mbili: “si kweli kwamba si kweli.” Ukikanusha mara nne, hupati kipya kuliko mara mbili, kama ile orodha ya harusi.

Kwa hiyo ukiambiwa vitu viwili “ni sawa”, uliza kwanza: sawa kwa kufunga kupi? Swali la Cantor linaonyesha kwamba ukibadilisha jibu hilo, hata ukweli wa hisabati unaweza kubadilika.