Mfalme Aliyeyeyushwa Litchfield

Jioni ya tarehe 9 Julai 1776, baada ya wanajeshi wa George Washington kusomewa Azimio la Uhuru la Marekani, umati ulishuka hadi Bowling Green, kusini kabisa mwa mji wa New York, ukaifunga kamba sanamu ya Mfalme George III na kuibwaga chini. Mfalme alikuwa juu ya farasi, kang'aa dhahabu mwili mzima. Lakini dhahabu ilikuwa ngozi tu. Ndani palikuwa na madini ya risasi, pauni 4,000 hivi, yaani zaidi ya kilo 1,800. Kazi hiyo ya mchongaji Joseph Wilton wa London ilikuwa imesimama hapo miaka sita.

Waasi walikuwa na bunduki, ila risasi za kuzilisha zilikuwa haba. Ebenezer Hazard, mkuu wa posta wa New York, alimwandikia Jenerali Horatio Gates akitania kwamba askari wa mfalme huenda wakapigwa na mfalme wao mwenyewe.

Utani huo ukawa kweli. Vipande vilisafirishwa hadi Litchfield, Connecticut, nyumbani kwa Oliver Wolcott, mmoja wa viongozi wa waasi. Masimulizi ya familia yanasema kibanda kilijengwa kwenye bustani ya matofaa, Wolcott akawa anakatakata madini kwa shoka, na wasichana wakaifanya kazi ya kusubu risasi kwa furaha kama ngoma ya harusi.

Hesabu yao ipo hadi leo. Ruth Marvin alitengeneza risasi 11,592. Mary Ann Wolcott, binti wa miaka 11, alitengeneza 10,790, dada yake Laura 8,378, Bi. Marvin 6,058, Bi. Beach 1,802. Kaka mdogo Frederick, ambaye hakuwa ametimiza miaka tisa, aliandikiwa 936. Ukijumlisha na za watu wengine, pamoja na 350 walizopewa wanamgambo na kikosi kimoja cha jeshi, unapata 42,088.

Kazi yenyewe haikudai kiwanda. Madini ya risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 za Selsiasi, moto ambao jiko la kuni huufikia bila taabu. Yaliyeyushwa ndani ya chungu cha chuma, yakatupiwa kipande cha nta au mafuta ili taka zielee na kuenguliwa, kisha yakachotwa kwa upawa na kumiminwa katika kalibu, chombo chenye mikono miwili kama koleo na tundu la mviringo katikati. Baada ya muda mfupi kalibu inafunguliwa, risasi inadondoka ikiwa na kikonyo pale madini yalipoingilia. Kikonyo kinakatwa na kurudishwa chunguni. Risasi za mwanzo, kalibu ikiwa bado baridi, hutoka na makunyanzi. Nazo hurudi motoni. Adui mkubwa ni maji: tone moja likizama katika madini yaliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kuyarusha usoni mwa msubuji.

Kulikuwa na sababu ya kazi hii kukaa nyumbani. Mafundi wenye asili ya Ujerumani waliotengeneza bunduki ndefu za Pennsylvania, hasa Lancaster, walichonga kila mtutu kwa mkono, na mitutu miwili haikulingana sawasawa. Kwa hiyo bunduki iliuzwa na kalibu yake. Mwindaji alisubu risasi ndogo kidogo kuliko mtutu, akaiviringishia kitambaa chenye mafuta, akaishindilia kwa mdeki mpaka ikalie baruti. Musketi ya jeshi la Uingereza haikuwa na makeke hayo: mtutu wake ulikuwa na upana wa milimita 19 hivi, risasi yake milimita 17 na ushei, ikateremka upesi hata mtutu ukiwa umejaa masizi. Upesi ulinunuliwa kwa shabaha.

Mwaka 1849 Mfaransa Claude-Étienne Minié alileta risasi yenye ncha na kitako kilicho wazi, inayoteremka kirahisi na kutanuka inapofyatuliwa. Mitutu ikaanza kulingana, viwanda vikachukua kazi, kisha zikaja risasi zenye maganda ya shaba. Kalibu nyingi za nyumbani ziliishia kwenye masanduku ya vyuma chakavu.

Si zote. Mwaka 1933 wapenzi wa magobori walianzisha chama chao cha taifa Marekani, na mashindano yao bado hufanyika Friendship, Indiana. Wengi wao husubu wenyewe. Chungu sasa ni cha umeme, kalibu mara nyingi ni ya alumini, na kila risasi hupimwa kwenye mizani, maana iliyo nyepesi ina tundu la hewa ndani na haitakwenda shabahani. Wanachagua madini laini, yasiyochanganywa na antimoni, ili kitambaa kiishike risasi vizuri. Hewa lazima ipite, mikono inaoshwa kabla ya kula, na watoto hawaruhusiwi karibu, kwa kuwa sumu ya risasi hudhuru ubongo unaokua. Leo Frederick angefukuzwa kibandani kabla ya kufikisha risasi ya kwanza.

Sanamu nayo haikuyeyuka yote. Vipande vingine viliibwa njiani, na mwaka 1871 baadhi vilichimbuliwa Wilton, Connecticut. Mkia wa farasi uko kwenye makumbusho ya historia ya New York.