Koklea
Koklea ni mrija wa sikio la ndani, uliojiviringa kama konokono, unaogeuza mitetemo ya sauti kuwa ishara za neva. Georg von Békésy, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1961, alichunguza masikio ya maiti akaona kuwa sauti nyembamba hutikisa zaidi mwanzo wa utando wa koklea, na nzito hutikisa ncha. Lakini maiti haikuweza kuonyesha yote: koklea hai pia huikuza mitetemo hafifu. Dalili ya ukuzaji huo ilionekana mwaka 1978, David Kemp aliponasa sauti inayotoka sikioni baada ya kupigiwa mlio mfupi. Mtu angeweza kuidhania sauti hiyo kuwa mwangwi tu. Ila huchelewa milisekunde kadhaa, na hudhoofika au kutoweka seli zenye vinywele za safu ya nje, zinazofanya ukuzaji huo, zikiharibika. Sauti hiyo hutumika kupima usikivu wa watoto wachanga.