Katani na Shahamu

Historia ya vinu vikubwa husimuliwa kwa mawe na nguvu: maji kwanza, kisha mvuke, kisha umeme. Kinachorukwa ni kile kipande laini kinachoziba pale chuma kinachozunguka kinapopenya kitu kilichotulia. Nadhani simulizi hiyo ina kasoro, kwa sababu kinu cha kiwandani kisingekuwepo bila kipande hicho kilichowekwa makusudi kiishe ili chuma kisiishe. Tazama vinu vya maji vya Uingereza. Jiwe la chini halikuzunguka. Tundu lake la katikati lilipitisha mhimili uliobeba na kuzungusha jiwe la juu. Ndani ya tundu hilo kulikuwa na kisanduku cha mbao kilichoshindiliwa matambara au katani iliyoloweshwa shahamu (si mkonge wa Tanga, bali nyuzi za mmea wa jamii ya bangi), na juu yake kifuniko cha ngozi. Nafaka isidondokee mhimili, mafuta yasipande kwenye unga. Ngozi ikichakaa, unga huingia, ukashikana na shahamu, na mhimili ukaanza kusaga usichotakiwa kusaga. Siku ya kuinua jiwe ili lichongwe upya ndiyo iliyokuwa nafasi ya kushindilia upya.

Utasema hayo ni mambo ya kijijini, na kwamba aliyebadili mambo ni James Watt na kondensa yake, chombo cha kupoozea mvuke nje ya silinda. Sawa, lakini kabla yake mtambo wa mvuke wa Newcomen wa 1712 ulikuwa na silinda iliyo wazi juu, na pistoni yake ilizibwa kwa ngozi na maji yaliyomwagwa juu yake. Watt alitaka silinda ibaki na joto, kwa hiyo maji hayakumfaa. Hataza yake ya 1769 inataja badala yake mafuta, nta, shahamu, hata zebaki. Na alipoifunika silinda, ilibidi fimbo ya pistoni ipite kwenye kifuniko bila mvuke kutoroka. Jibu lilikuwa kisanduku kilichoshindiliwa katani na shahamu, kama cha msaga nafaka. Mitambo ya Watt ndiyo iliyoendesha Albion Mills, kinu kikubwa cha unga kilichofunguliwa London 1786 na kuteketea 1791. Wengi walishuku mkono wa wasagaji waliokosa kazi. Maelezo yenye uzito zaidi ni kwamba sehemu ya mtambo ilikosa grisi ikashika joto.

Wapo watakaosema teknolojia imeshamaliza tabu hiyo. Mvuke ulipozidi joto, katani iliungua, na asbesto ikashika nafasi yake. Kazi haikupungua: fundi bado alivuta pakingi kuukuu, yaani nyuzi zilizoshindiliwa kisandukuni, kwa ndoano, akakata pete mpya, akapishanisha maungio yake, akakaza nati kidogo kidogo huku na huku. Kwenye pampu za maji aliacha tone lidondoke, kwani pakingi iliyobanwa mno hula shafti. Tofauti ni kwamba sasa alivuta vumbi la asbesto kila alipokwangua. Uingereza ilipiga marufuku matumizi ya asbesto yaliyobaki mwaka 1999.