Rubani Hashiki Usukani

Boti inayotoka Munyonyo, kusini mwa Kampala, kwenda Kalangala katika visiwa vya Ssese huvuka ikweta ikiwa ziwani. Katika waya unaotoka kwenye ramani ya skrini, herufi N ya latitudo hugeuka S, na mtambo ulio chini, karibu na usukani, huendelea na kazi yake bila nahodha kugusa kitu. Mtambo huo ndio ambao vijitabu vya maelekezo sasa vinauita “rubani wa kiotomatiki”. Jina hilo ni kosa.

“Kiotomatiki” lisamehewe, limekwisha kuzoeleka. Tatizo ni rubani.

Neno hili lilikuwa la baharini kabla halijapanda ndege. Limetoka katika Kiarabu, rubbān, na pwani lilimtaja mtu anayezijua njia za maji: miamba iliko, mkondo unakovutia, mlango wa bandari unavyoingiwa. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 hakukosa mikono ya kushika usukani. Alikuwa na mabaharia tele. Alichokosa ni mtu anayeijua njia ya Kalikuti, na huyo ndiye aliyepewa. Chomboni kila mtu alikuwa na jina lake. Nahodha, neno la Kiajemi lenye maana ya bwana wa chombo, alikuwa na amri. Rubani alikuwa na njia. Mshika usukani alishika kana, akatazama dira, akatii.

Ramani nayo ina ukoo wake. Mzizi wake ni rāhnāma ya Kiajemi, yaani kitabu cha njia, jina la vitabu vya mabaharia vilivyoeleza safari kwa maneno. Kwa Kiarabu likawa rahmānī, na Waswahili wakalipokea likiwa limelainika. Kwa hiyo skrini mpya inayomwonyesha nahodha alipo na aendako haihitaji kubatizwa upya. Ni ramani kwa maana kongwe kabisa ya neno.

Sasa mtu aunganishe ramani hiyo mpya na mtambo wa usukani wa miaka ya 1990, aone nani ni nani. Mtambo wa zamani kwa kawaida husikia lugha ya NMEA 0183, kanuni iliyotolewa Marekani mwaka 1983, inayopita wayani kwa biti 4800 kwa sekunde. Kanuni yenyewe inakitaja kifaa kimoja kuwa msemaji na vingine kuwa wasikilizaji. Ramani husema, mtambo husikiliza. Ndani ya sentensi iitwayo APB huja maneno kama “0.10,R,N”: chombo kimetoka njiani kwa sehemu ya kumi ya maili ya baharini, mita 185 hivi, kipeleke kulia. Mtambo hauijui Ssese. Hauujui mwamba ulio mbele. Unajua dira na kulia na kushoto tu, na cha kufuata umeambiwa. Anayesema ni rubani, anayesikiliza ni mshika usukani, na tafsiri iliyopitishwa imempa msikilizaji cheo cha msemaji.

Pendekezo la mwandishi wa makala haya ni kishikausukani. Limeundwa kwa njia ile ile iliyotupa kipaza sauti, kinasa sauti na kifyonza vumbi. Hata msomaji wa Kampala aliyekulia katika Kiganda hatapotea, kwa kuwa kwao omugoba ni yule anayeendesha chombo kwa mikono yake. Pendekezo hilo lilipelekwa kwenye jopo moja la istilahi pamoja na kurasa tatu za hoja. Lilirudi na mstari mmoja: “rubani limekwisha kuzoeleka.” Limezoeleka kwa nani? Waliozoea ni abiria wa ndege. Wavuvi wa Ggaba na mafundi wa boti hawakuulizwa, wala haionekani kwamba kuna mjumbe wa jopo aliyewahi kuushika waya wa mtambo huo.

Kwa fundi anayeunganisha ramani na mtambo, kazi ni fupi: nyaya za kutolea za ramani ziingie kwenye za kupokelea za mtambo, alama kwa alama, kasi iwekwe 4800, APB iwashwe; ikiwa ramani inasema lugha mpya zaidi, NMEA 2000, peke yake, kigeuzi kikae katikati.

Mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima. Wanaojifunza leo darasani ndio watakaosoma vijitabu vya boti kesho, wengine wakiwa peke yao ziwani usiku. Atakayeamini kwamba ana rubani chini ya sakafu ya boti atakwenda kulala. Atakayejua kwamba ana kishikausukani atabaki macho, kwa maana kifaa hicho kitampeleka moja kwa moja juu ya jiwe iwapo ramani imesema kulia.