Abiria Hulala Panapobaki

Kwenye meli ya mizigo, shehena ndiyo hutengewa nafasi kwanza. Abiria hulala panapobaki. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za majahazi yaliyoshuka na kaskazi yakileta tende na chumvi Lamu, Mombasa na Unguja, kisha yakarudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti.

Mwishoni mwa 1938, baharia Alan Villiers wa Australia alipanda jahazi la Kuwait pale Aden. Yeye, mgeni wa heshima, alipewa sehemu ya benchi shetrini, karibu na nahodha. Abiria wa Hadhramaut walibanana sitahani, juu ya mizigo, jua lao na mvua yao. Wanawake walikaa katika chumba cha chini ya shetri, gizani na kwenye joto, safari nzima.

Meli za moshi zilileta madaraja. Za kampuni ya British India, zilizounganisha Bombay na pwani yetu, zilikuwa na kabini za wenye uwezo. Mamia wengine walisafiri daraja la sitaha, kila mtu na matandiko yake. Familia nyingi za Kihindi za Afrika Mashariki zilifika hivyo, na inasikitisha kwamba simulizi za sitahani zimeandikwa kidogo kuliko za kabini.

Kabini ya leo imetokana na sheria. Mikataba ya usalama baharini huihesabu meli yenye abiria zaidi ya 12 kuwa meli ya abiria, yenye masharti mazito ya boti za uokozi na ujenzi. Wenye meli za mizigo wakaishia 12. Miaka ya 1950 hao 12 walifaidi: meli ilikaa bandarini siku kadhaa ikipakuliwa kwa winchi na mabega ya makuli, nao wakitembea mjini.

Aprili 1956, meli Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston na makontena 58. Tangu hapo siku za bandarini zikawa saa, mabaharia wakapungua, vyumba vikabaki wazi. Abiria akapata chumba kikubwa chenye bafu lake, hata kile cha mwenye meli, akala na maofisa. Lakini dirisha la mbele huweza kuzibwa na ukuta wa makontena. Tena wakala hudai cheti cha afya, kwa kuwa melini hakuna daktari.

Mwaka 2020, Uviko-19 ulipoingia, kampuni zilisitisha kuchukua abiria, huku mabaharia wengi wakikwama melini miezi kadhaa baada ya mikataba yao kwisha.