Lupita Nyong'o Kabla ya Tuzo: Jukwaa, Televisheni na Suala la Lugha

Usiku wa tarehe 2 Machi 2014, mjini Los Angeles, Lupita Nyong'o alikabidhiwa Tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi bora wa kike kwa kuigiza nafasi ya Patsey katika filamu ya 12 Years a Slave. Magazeti mengi yalimsifu kama nyota iliyochomoza ghafla. Makala haya yanakusudia kuyapinga maelezo hayo. Tutaonyesha kwamba tuzo ile ilitanguliwa na miaka zaidi ya kumi na mitano ya mazoezi, na kwamba miaka hiyo inatufunulia jambo linalotuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili: jinsi lugha zilivyogawiwa kazi katika jukwaa na televisheni ya Kenya.

Lupita alizaliwa tarehe 1 Machi 1983 katika jiji la Mexico. Baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, mtaalamu wa sayansi ya siasa, alikuwa akiishi huko na familia yake kwa sababu za kisiasa. Ndugu yake, Charles, alikuwa ametoweka mwaka 1980. Wajaluo wana desturi ya kumpa mtoto jina kulingana na wakati au mazingira ya kuzaliwa kwake: Otieno ni wa usiku, Akoth ni wa mvua. Mtoto aliyezaliwa ugenini alipewa jina la ugenini, Lupita, ambalo ni kifupi cha Guadalupe. Jina ambalo watu wengi hulichukulia kama pambo, kwa hiyo, ni kumbukumbu ya uhamisho. Familia ilirejea Kenya angali mdogo sana, na Nairobi ndiko alikokulia.

Akiwa na umri wa miaka 14 aliigiza Juliet, katika mchezo wa Shakespeare, pamoja na kundi la Phoenix Players la Nairobi. Hapa ndipo tunapopaswa kusimama kidogo. Phoenix Players lilikuwa kundi lenye nidhamu na ratiba ya mwaka mzima, na wasanii wengi wa Kenya walifunzwa humo. Hata hivyo, michezo yake mingi ilikuwa ya kigeni, na lugha yake ilikuwa Kiingereza. Wakati huo Mwalimu Julius Nyerere alikuwa amekwisha kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare tangu miaka ya 1960, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, na kuthibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kuubeba uzito wa mshairi yule. Lakini msichana wa Nairobi aliyetaka kulilia penzi jukwaani alilazimika kulilia kwa Kiingereza.

Je, Kiswahili kilikuwa wapi? Kilikuwa katika televisheni, na kikipendwa sana. Tangu miaka ya 1980 watazamaji walikifuata kipindi cha Vitimbi, ambamo Benson Wanjau aliigiza Mzee Ojwang na Mary Khavere akawa Mama Kayai. Ufundi wao haubishaniwi. Lakini tuangalie kicheko kilitoka wapi. Wanjau, ambaye hakuwa Mjaluo, alizungumza Kiswahili chenye matamshi ya Kijaluo, na matamshi hayo yenyewe yalikuwa sehemu kubwa ya mzaha. Ni kweli kwamba zilikuwako tamthilia nzito za Kiswahili, kama Tushauriane ya miaka hiyohiyo ya 1980. Hatuwezi kusema hazikuwako. Hata hivyo, kwa mtazamo wetu, mgawanyo wa jumla ulikuwa wazi: Kiingereza kilipewa mapenzi na msiba, Kiswahili kikaachiwa kuchekesha. Binti wa Kijaluo aliyetamani uigizaji mzito hakuwa na sababu nyingi za kuitazama lugha ya Vitimbi kama mlango wake.

Tena, uigizaji haukuonekana kuwa kazi. Mwaka 2004, filamu ya The Constant Gardener ilipokuwa ikipigwa nchini Kenya, Lupita alipata kazi ya usaidizi nyuma ya kamera. Mwigizaji Ralph Fiennes alipomwuliza anataka kufanya nini maishani, alikiri, kwa haya, kwamba anataka kuigiza. Naye Fiennes alimshauri aingie humo ikiwa tu hawezi kuishi bila kuigiza. Kukiri huko kulimchukua miaka mingi tangu siku za Juliet, jambo linaloonyesha jinsi ndoto ile ilivyokuwa ngumu kutamkwa hadharani. Alisomea filamu na maigizo katika chuo cha Hampshire, Marekani, akaongoza filamu ya In My Genes (2009), inayohusu maisha ya watu wenye ualbino nchini Kenya.

Mwaka huohuo wa 2009 ndipo alipoingia katika televisheni kama mwigizaji. Shuga, mfululizo wa MTV uliopigwa Nairobi, ulikusudiwa kuwaelimisha vijana juu ya virusi vya UKIMWI, na ulitengenezwa kwa ushirikiano na mashirika ya misaada, likiwamo UNICEF. Lupita aliigiza Ayira, mwanafunzi mwenye ndoto kubwa. Mambo mawili yanastahili kuzingatiwa. Kwanza, nafasi nzito aliyoipata msichana huyu katika televisheni ya nyumbani ilitokana na fedha za afya ya jamii, wala si na soko la tamthilia. Pili, kwa kuwa Shuga ilikusudiwa kuonyeshwa katika nchi nyingi, mazungumzo yake yalikuwa hasa kwa Kiingereza, huku Kiswahili na Sheng vikiingia kama viungo katika mchuzi.

Tulinganishe na Tanzania Bara. Huko televisheni ilichelewa mno, ikaanza mwaka 1994, ilhali Kenya ilikuwa nayo tangu 1962. Lakini ilipofika, makundi kama Kaole yalionyesha katika ITV michezo ya ndoa, urithi na usaliti kwa Kiswahili kitupu, na watoto wakaanza kuigiza humo. Vifaa vilikuwa duni, lugha haikugawanywa.

Baada ya Shuga, Lupita alikwenda katika shule ya maigizo ya Chuo Kikuu cha Yale, akahitimu mwaka 2012. Filamu ya Steve McQueen ilitoka mwaka uliofuata. Ni dhahiri basi kwamba hakuna kilichotokea ghafla, na wala hatumlaumu mwigizaji kwa kupita mlango aliouona wazi. Lawama, kama ipo, inatuhusu sisi. Juliasi Kaizari inasomwa madarasani kama matini ya tafsiri. Ni wanafunzi wangapi waliowahi kuisikia ikisemwa jukwaani? Kitabu cha watoto alichokitoa Lupita mwaka 2019 kinaitwa Sulwe, yaani nyota, kwa Kijaluo. Msanii ambaye kazi yake ya mwanzo ilifanyika karibu yote kwa Kiingereza alirudi mwenyewe kulitafuta neno la nyumbani. Idara zetu zina maneno ya kutosha ya Kiswahili. Kinachokosekana ni jukwaa la kuyasemea kwa uzito wake.